Nyota za Mchafukoge kwa Kadi Yangu

Asubuhi ile niliamka Buguruni, nikakunja shuka, nikatia nguo zangu kwenye begi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake na kutoka bila kujua ningelala wapi. Sikufukuzwa. Binti wa mwenye nyumba alikuwa anaolewa, wageni wa harusi walikuwa njiani kutoka Tabora, na chumba changu kilihitajika. Niliombwa kwa adabu, nikapewa na maandazi ya kuondokea. Kwa kweli hawakuwa na haja ya kuniomba sana. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili sijawahi kukaa mahali mpaka nikaona rangi ya ukuta inachuja. Kuna watu wanaumwa wakihama. Mimi nikitundika begi begani najisikia kama nimetoka kuoga.

Kilichonisumbua ni kitu kimoja. Chumba kipya kinataka kodi ya miezi mitatu kabla hujatua begi, na hela yangu ilikuwa inaliwa.

Ilikuwa inaliwa kila Ijumaa. Simu inalia, nafungua ujumbe, benki inaniambia kadi yangu imetumika, nami sijaitumia. Pesa imekwenda kwa kampuni ya nje yenye jina refu la kigeni, mara pungufu kidogo, mara zaidi kidogo, kutegemea dola imeamkaje. Ukijumlisha Ijumaa zote za mwezi unapata kodi ya chumba kama kile nilichotoka kulala. Yaani mahali fulani duniani kulikuwa na mtu anapangishiwa nyumba kwa jasho langu, na mimi natembea na begi.

Nilidhani najua chanzo. Kadi ile niliitumia kwenye simu mara moja tu, kununua masomo ya Kichina. Nafanya kazi Kariakoo, na maboksi yote ninayoyaona kutwa yameandikwa Kichina, nikaona haya kupishana na maandishi kila siku bila kujua yanasema nini. Nilijifunza tarakimu, nikajifunza "shika kwa uangalifu" na "upande huu juu", halafu masomo yakaisha. Miezi michache baadaye Ijumaa zikaanza. Nikafuta ile programu ya Kichina kwenye simu. Ijumaa ikaja vile vile. Nikaazima mkasi, nikaikata kadi yenyewe vipande vipande. Ijumaa ikaja. Mwisho nikaamua kuiacha akaunti tupu: hela ikiingia tu, nakimbia kuitoa, nayo natembea nayo soksini. Hapo hawakupata kitu Ijumaa, lakini walikuwa wakirudi Jumamosi, wakirudi Jumatatu, na siku niliyosinzia wakachukua chao.

Basi niliingia barabara ya Uhuru kwa miguu, nikiwa na begi na maandazi, nikaelekea Kariakoo kwa sababu ndiko miguu yangu inakokwenda nisipoielekeza.

Mimi ni winga. Winga hana duka, ana miguu na mdomo. Anamdaka mteja aliyetoka mkoani akishangaa maghorofa, anamuuliza anatafuta nini, anamzungusha mpaka penye bidhaa na bei yake, na mwenye duka anamkatia chochote. Kazi hii imenifaa kwa sababu napenda kujua kila kitu kinauzwa wapi na kimetoka wapi. Mtu akiniuliza bawaba za kabati au manyoya ya mto, siku yangu imenoga.

Wiki ile nilikuwa nimempelekea Mangi mteja wa maana. Mangi ndivyo tunavyomwita, kama tunavyowaita Wachaga wengi wenye maduka. Anauza vifungo na zipu kwa jumla, na duka lake ni jembamba kiasi kwamba ukikutana na mteja mwingine ndani mmoja lazima arudi nyuma. Mama mmoja wa Songea anayeshona sare za shule alikuwa amechukua kwake mzigo wa mwaka mzima. Sehemu yangu ingetosha kodi.

"Shikamoo, Mangi."

"Marahaba. Na begi hilo, unahamia wapi?"

"Bado sijajua."

"Hujawahi kujua." Akatoa simu. "Akaunti yako ni ile ile? Nakurushia chako sasa hivi."

"Usirushe!"

Akasimamisha kidole hewani.

"Nakuomba, Mangi. Kesho Ijumaa. Ikiingia itanuswa. Nipe mkononi."

"Mkononi hapa kuliisha. Hesabu za duka hili zinapita benki, na anayezisoma ni mke wangu. Nikikupa mkononi nitaulizwa nimempa nani."

"Basi nitumie kwa simu."

"Nikatwe mimi ya kutuma, ukatwe wewe ya kutoa? Tumeuza zipu zote zile ili tuwalishe watu wa simu?" Akageukia nje. "Jamani, njooni muone! Winga anakataa hela!"

Kariakoo haihitaji kuitwa mara mbili. Muuza soksi akaja, mama wa kahawa akaja na birika lake, mbeba mizigo akatua gunia ili aone vizuri.

"Anaumwa," alisema mama wa kahawa. "Mshikeni paji la uso."

"Kama hataki nirushie mimi, Mangi," alisema mbeba mizigo. "Mimi sina masharti."

Niliwaeleza habari ya Ijumaa, na hapo kila mtu akawa mtaalamu. Muuza soksi alisema nibadilishe namba ya simu. Mbeba mizigo alisema nibadilishe jina. Mama wa kahawa alisema shemeji yake alipatwa na jambo kama hilo akafunga safari mpaka Bagamoyo kutafuta mtu wa kumsomea, na mtu mwenyewe akamtoza kila wiki. Tulicheka mpaka mteja wa kweli akaogopa kuingia.

Mangi peke yake hakucheka sana. "Akaunti ni ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe ndiye unayeikimbia? Umekata plastiki, umefuta sijui nini, umehamishia hela soksini. Benki je, wamesemaje?"

"Benki sijaenda."

Mama wa kahawa akatua birika chini.

"Saa nane mchana narusha," alisema Mangi. "Iwe Ijumaa, iwe Iddi, narusha, maana jioni mke wangu anafunga hesabu. Nenda kawaone. Ukichelewa ikaliwa, usije kulia kwenye vifungo vyangu."

Nilikata kupitia Mnazi Mmoja kwenda Posta. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekwenda benki kwa sababu niliamini wao ndio wanaokula. Wao ndio wanaonitumia ujumbe, akaunti iko kwao, nani mwingine angekuwa na ufunguo? Nilikuwa nimewanunia kwa miezi, nao hawakuwa na habari.

Ndani ya benki kulikuwa na ubaridi mtamu. Nikachukua karatasi ya foleni, nikakaa, nikawa natazama ile mashine inavyoita namba na jinsi watu wanavyoinuka kabla haijamaliza. Ilipofika yangu nikakuta kwenye meza ya huduma dada mmoja mwenye ushungi wa kijani na miwani iliyoshuka puani.

"Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

"Nataka kumfukuza mtu kwenye akaunti yangu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ila anakuja kila Ijumaa."

Akanitazama juu ya miwani. "Kadi unayo?"

Nikatoa mfuko wa nailoni na kummwagia vipande mezani. Nilikuwa nimevitunza, sijui kwa nini. Labda kama ushahidi. Akavipanga kwa ncha ya kalamu mpaka uso wa kadi ukarudi, akauma mdomo ili asicheke.

"Tangu uikate, nani amepata shida, yeye au wewe?"

"Mimi. Siku hizi kutoa hela napanga foleni."

"Na yeye?"

"Anakuja tu."

"Kwa sababu yeye hahitaji plastiki. Namba zilipoandikwa kwenye simu na mtu akabonyeza kubali, alipewa ruhusa ya kujichotea kila wiki. Anazo namba. Hata ungeichoma moto."

"Programu nayo niliifuta."

"Ulifuta picha iliyoko kwenye simu. Makubaliano yapo. Ni sawa na kuhama nyumba usimwambie muuza maji. Anaendelea kuleta madumu mlangoni, na kila dumu anaandika jina lako."

Mfano huo ulinikaa vizuri, maana nimewahi kuhama hivyo. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaba.

"Kwa hiyo si nyie mnaokula?"

Dada wa meza ya pili aligeuka. Wangu akaweka kalamu chini na kucheka waziwazi, akajifuta chozi kwa pembe ya ushungi. "Kaka, wangapi mmetununia huko mitaani? Sisi tunalipa kwa sababu mwenye akaunti ameruhusu. Mwenye akaunti akija akasema sitaki tena, tunazuia. Hela ni yako. Ungekuja Ijumaa ya kwanza, ungekunywa soda Ijumaa ya pili."

Akaomba kitambulisho cha taifa na kuanza kazi, nami nikawa namuuliza kila anachobonyeza, naye akawa ananijibu kwa subira, nadhani kwa sababu watu wengi hawamuulizi. Namba za kadi ile ya vipande alizifunga zisitumike tena. Lakini hakuishia hapo. Aliwazuia na wachotaji wenyewe, kwa jina lao, kwa sababu alisema kuna kampuni ambazo hata ukibadilisha kadi zinaifuata mpya. Akanionya mambo mawili. La kwanza, hela zilizokwisha kwenda hawezi kuniahidi kwamba zitarudi, maana ruhusa ilitolewa. Ila kuanzia siku ile nimesema hapana na hapana yangu iko kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ikikatwa hata senti nirudi, wataidai. La pili, kuzuia malipo benki hakuvunji makubaliano huko kwenye kampuni. "Huko nako ufike, ubonyeze kusitisha. La sivyo wao wataendelea kukuhesabu mteja asiyelipa."

"Niwaambie Wachina?"

"Wachina wepi?" Akavuta kioo chake karibu, akasoma. "Hii haina uhusiano na Kichina. Hii ni ya kutazama nyota."

"Nyota?"

"Nyota za mbinguni. Unaielekeza simu juu, inakwambia ile ni nyota gani." Akaniangalia kwa makini. "Hujawahi kuifungua?"

"Dada yangu, mimi kutwa natazama bei."

"Basi kuna mwenzio anatazama. Akaunti ya simu yako, ile ya barua pepe, alikufungulia nani?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, na hapo hapo simu ikatetema mkononi mwangu. Saa nane. Mangi amerusha. Dada akaangalia kwake, akageuza kioo kidogo ili nione: hela imetua, imekaa, na jina la kampuni ya nyota limewekewa kizuizi.

"Ijumaa njema," akasema.

Nilitoka pale kwa hatua ambazo mlinzi wa mlangoni alizitilia shaka. Kodi ninayo. Chumba sina, lakini mtu mwenye kodi hakosi chumba. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa dalali wa nyumba. Lakini nani alikuwa anatazama nyota? Ningelalaje bila kujua?

Simu yangu niliinunua kwa fundi mmoja mwenye kibanda chini ya ngazi za ghorofa, karibu na wauza mapazia. Ni wa rika langu, ana mikono myepesi, anafungua simu kama mtu anayemenya chungwa. Ukinunua simu kwake anakuandalia kila kitu, unaondoka inafanya kazi. Kariakoo wengi wetu hatujui barua pepe yetu ni ipi, anajua fundi.

"Mambo?"

"Poa, winga. Na begi?"

"Nahama. Barua pepe yangu uliyonifungulia, neno lake la siri ni lipi?"

Akalitaja bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaichokonoa.

"Unalo kichwani?"

"Ni lile lile."

"Lile lile la nani?"

Bisibisi ikasimama. "La wote."

Akanieleza, mwanzo kwa kujitetea, halafu kwa aibu. Kumfungulia kila mteja barua pepe yake kunachukua muda, mtandao unazunguka, mteja ana haraka, mwingine amesimama nyuma yake. Basi fundi alikuwa na barua pepe moja, ya kibanda, akawa anaitia kwenye kila simu anayouza. Simu inawaka, mteja anashukuru.

"Wateja wa msimu ule wote mko humo," alisema. "Ni kama familia."

"Na familia hii kadi iliyomo ni ya nani?"

Akaitafuta. Akaiona. Akanitazama. "Duh. Mwanangu, wewe ndiye baba."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ndipo nilipoelewa picha zilizokuwa zinajitokeza kwenye simu yangu: mbuzi aliyefungwa utepe mwekundu, maharusi nisiowajua wakikata keki, goti la mtu lililovimba limepigwa picha kila upande. Nilidhani simu ilikuwa imetumika kabla yangu. Kumbe nilikuwa naishi na ukoo mzima mfukoni. Tulikaa kwenye ngazi, fundi akafungua orodha ya simu zote zilizomo, tukaanza kukagua ipi imebeba nini. Mwenye mbuzi alikuwa na mchezo wa karata, wa bure. Mwenye goti alikuwa na mahubiri. Nyota zilikuwa kwenye simu moja tu, kubwa kuliko zote.

"Hii niliuza moja," fundi alisema. "Nilimuuzia bibi wa Kihindi, pale Mchafukoge."

Tulianza na yaliyo salama. Akabonyeza kusitisha, kule kwenye kampuni yenyewe, ikatuuliza mara mbili kama tuna hakika, tukasema tuna hakika. Ikajibu kwamba nyota zitaendelea mpaka wiki iliyolipiwa iishe, halafu basi. Akaiondoa kadi yangu. Akanifungulia barua pepe yangu mwenyewe, nami nikageuza mgongo nikaandika neno la siri ambalo hata yeye halijui.

"Sasa twende," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwa bibi. Kesho zitamzimikia, hajui kwa nini."

"Atanichapa."

"Ndiyo maana nakwenda. Nione."

Akafunga kibanda akinung'unika. Mchafukoge si mbali. Unavuka mtaa, kelele za mizigo zinapungua, unaanza kusikia redio za madirishani. Jengo lilikuwa la zamani, lenye ngazi za terazo zilizolika katikati na harufu ya ubani na haradali inayorukaruka kwenye mafuta. Bibi alitufungulia mwenyewe, mwembamba, sari yake ya buluu imekunjwa vizuri, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Shikamoo, mama," tukasema pamoja.

"Marahaba. Fundi! Simu yangu imekosa nini tena, mbona umekuja mwenyewe?"

Fundi akanisukuma mbele. Nikasema, "Mama, tumesikia unatazama nyota."

Uso wake ulifunguka kabisa. Hakuniuliza mimi ni nani. Alichukua simu, akachukua ufunguo ukutani, akatupandisha ngazi mpaka juu ya paa, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo, jua likiwa bado kali. Akainua simu.

"Watu wanadhani nyota zipo usiku tu. Tazama. Ziko hapa hapa, jua linazificha." Na kweli, kwenye kioo, juu ya bati la jirani, zilikuwa zimejaa, zimeunganishwa kwa mistari myembamba. "Halafu njoo uone hii." Akaielekeza simu chini, kwenye sakafu ya saruji, katikati ya miguu yetu sisi watatu iliyokuwa na viatu tofauti. Nyota zilikuwepo na huko. "Hizi ni za upande wa pili wa dunia. Ardhi yote hii, halafu nyota tena. Nimezaliwa jengo hili, nimeolewa jengo hili, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zipo na chini."

Nami hakuna aliyewahi kuniambia. Niliiomba simu, nikazunguka nayo paa zima nikitazama chini kama mtu aliyedondosha sarafu, nikagonga tangi. Nilisahau kabisa nilichofuata. Fundi ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akatapika yote kwa pumzi moja: barua pepe ya kibanda, familia, kadi, Ijumaa.

Bibi alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Kila wiki?"

"Kila wiki, mama."

"Mimi nilidhani umenipa pamoja na kava." Akanigeukia. "Siku ya kwanza simu iliniuliza, unakubali? Imeniuliza vizuri, kwa adabu. Ningekataaje?"

"Hata mimi ningekubali, mama."

"Nyamaza wewe, unanitetea na ni mimi niliyekula chako. Nimekula kiasi gani?"

Kwenye biashara nina mdomo, lakini pale neno lililonitoka lilikuwa moja. "Chumba."

"Chumba gani?"

Nikamweleza: kwa mwezi ni kodi ya chumba, na leo ndiyo nimetoka nilipokuwa, na kodi imepona leo leo benki, na chumba kingine sijatafuta. Akatazama begi langu kama ndiyo kwanza analiona.

"Umekuja na begi lako kunidai?"

"Sikuja kudai. Nimekuja kuona nani anatazama."

Akampiga fundi kwenzi dogo la kichwa, la mama kwa mtoto, nami nikapata nilichoahidiwa. Akaenda mpaka mwisho wa paa, kwenye kijumba nilichokuwa nimedhani ni stoo, akasukuma mlango kwa bega. Zamani humo alikuwa akikaa dobi wa jengo. Meza yake ya kupigia pasi ilikuwa bado imesimama, pana kama kitanda, na dirisha lilitazama moja kwa moja Kariakoo, kwa hiyo ulikuwa unaona mwavuli wa kila muuza mtaa.

"Miezi niliyokula, utakaa bure," akasema.

"Hapana, mama. Nitalipa. Hukujua."

"Bure."

"Kodi kamili."

"Unabishana na mimi kwenye paa langu?"

Nimepatanisha bei maisha yangu yote, sijawahi kuona muuzaji anashusha na mnunuzi anapandisha. Fundi alikaa juu ya ndoo akitugeukia mmoja mmoja, mwisho akasema, "Nusu. Mpaka miezi ile iishe. Jamani mnanichosha." Tukashikana mikono kwenye nusu.

Bibi akamkumbuka. "Na wewe, nyota zangu kesho?"

"Mama, hizo zipo na za bure."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Akainua mkono tena, fundi akakimbilia nyuma ya tangi, akawa anamwekea za bure akiwa huko huko, kwa barua pepe mpya ya bibi mwenyewe, akimsomea herufi moja moja kwa sauti huku bibi akimkaripia asiseme neno la siri jirani wakasikia.

Kisha nikapewa masharti. Geti linafungwa saa nne. Maji nichote kwenye tangi la kushoto. "Na nyama huku juu hapana."

"Samaki je?"

"Kwenu samaki ni kitoweo, hapa ni nyama."

"Mayai?"

"Yai lina mama yake."

Niliwaza chipsi mayai ya kila jioni, nikameza mate. "Chipsi tupu?"

"Chipsi karibu. Na mimi uniletee."

Nikatua begi juu ya meza ya dobi. Bibi akaniletea fagio la njiti na kitambaa cha kufunga puani, maana vumbi la miaka lilikuwa linangoja mtu. Kwenye paa la jengo la pili, mama mmoja aliyekuwa anaanika pilipili kwenye ungo alisimama, akaweka mkono juu ya macho.

"Jirani! Umepata mpangaji?"

"Nimempata!"

"Katoka wapi?"

"Buguruni!"

"Na atakaa mpaka lini?"

Bibi alinigeukia kusikia jibu, fundi naye akachungulia kutoka nyuma ya tangi. Nilitazama begi juu ya meza ya dobi, nikashika fagio.

"Mwache kwanza afagie!" bibi akamjibu.